Kichwa kinauma ofisini, nyumbani kinapoa: hewa ya ofisi inachunguzwaje?

Kwanza anaanza mmoja. Macho yanamwasha, anayafikicha, anasema ni vumbi letu la Dodoma. Wiki ya pili jirani yake wa meza anaanza kupiga chafya kila baada ya chai ya saa nne. Mwezi haujaisha, kila droo ina dawa za maumivu. Mama mmoja amepimwa malaria mara mbili na hana. Mwingine ameambiwa ni UTI, amemaliza dozi, na kichwa bado kinamgonga ikifika saa nane mchana. Hapo ndipo mtu anasema kwa sauti kile ambacho wote walikuwa wanakiwaza: "Jamani, hili jengo lina kitu."

Kuanzia hapo mambo huenda njia mbili, na zote hazifiki. Bosi wa aina ya kwanza anauliza mbona yeye haumwi. Chumba chake, bila shaka, kina madirisha mawili na mtu mmoja. Bosi wa aina ya pili ana huruma, anaita mtu mwenye mashine aje apime hewa. Mashine inatoa namba, namba zinaandikiwa ripoti, ripoti inasema kila kitu kiko ndani ya viwango. Watu wanaendelea kuumwa, na sasa wameongezewa hasira.

Mashine si mbaya, ila imeitwa mapema mno. Haiwezi kupima "hewa" kwa ujumla wake. Inapima kitu ulichoiambia ipime, mahali ulipoiweka, saa uliyoiwasha. Kama hujui unatafuta nini, itakupimia kwa uaminifu kabisa kitu kisichohusika. Kipimo cha kwanza ni malalamiko yenyewe, nayo yana njia yake ya kusomwa.

Nitatumia ofisi moja kama mfano. Nimeishona kutoka vipande vya ofisi tatu nne za hapa mjini ili asitokee mtu akajitambua. Iko ghorofa ya pili, jengo jipya, mbele kuna barabara ya vumbi. Chumba kikubwa kina watu tisa, madirisha ya alumini ya kusukuma na AC moja ukutani. Ng'ambo ya korido kuna masijala, mafaili yamepangwa hadi karibu na dari.

Unaanza na maswali matatu: nani, wapi, lini. "Nani" na "wapi" unaviweka pamoja kwenye karatasi. Unachora ramani ya ghorofa kwa mkono, unatia alama kila meza yenye mtu anayelalamika na kila meza isiyo na malalamiko. Usiwaruke wasioumwa, wao ndio watakaokuonyesha tofauti iko wapi. Alama zikijikusanya kwenye kona moja, nenda kaangalie kona hiyo ina nini. Zikitapakaa chumba kizima lakini chumba cha jirani hakina hata moja, ulinganishe vyumba.

"Lini" ndilo swali lenye utajiri. Dalili zinazoanza saa moja mbili baada ya kuingia kazini, zinazokolea mchana na kupoa ukifika nyumbani, zinaelekeza kwenye jengo. Anayelala vizuri Jumamosi na Jumapili kisha Jumatatu mchana anaanza tena, naye vilevile. Anayeumwa sawasawa hata akiwa likizo Kondoa kwa wazazi wake, tatizo lake pengine liko kwingine, aende hospitali bila kusubiri uchunguzi wa ofisi. Halafu kuna zinazokuja kwa vipindi: kila Ijumaa asubuhi, kila umeme ukikatika, kila siku ya usafi mkubwa. Hizo ni zawadi kwa mchunguzi, kwa sababu kitu kinachokuja na kuondoka kina ratiba, na ratiba ina mwenyewe.

Usigawe fomu yenye orodha ya dalili ishirini. Mtu akiulizwa "Je, macho yanakuwasha?" atayafikicha hapohapo na kuweka tiki. Mwambie aandike kwa maneno yake kwa wiki mbili: leo nimesikia nini, saa ngapi, nilikuwa wapi, kulikuwa na nini kisicho cha kawaida. Daftari la shule linatosha.

Katika hatua hii kuna mpaka wa kuuchora mapema. Shirika la Afya Duniani lilianza mwaka 1983 kuzungumzia hali ambapo watu wengi katika jengo moja wanapata macho kuwasha, koo kukauka, kichwa kizito na uchovu, na hali hiyo inapungua wakitoka, bila kupatikana ugonjwa mmoja wenye jina. Hiyo ndiyo sura ya ofisi nyingi. Tofauti nayo ni magonjwa yenye majina yanayoweza kuletwa na jengo: pumu, homa ya mapafu, sumu ya moshi. Mtu anayebanwa kifua, anayetoa mlio anapopumua, mwenye homa au anayepungua uzito hasubiri daftari. Na kikohozi kilichovuka wiki mbili kipimwe kifua kikuu, haraka, tena kwa ajili ya wote waliokaa naye chumbani. Tukilaumu rangi ya ukuta kwa miezi mitatu kumbe ni TB, tutakuwa tumefanya kosa kubwa kuliko la bosi wa kwanza.

Sasa turudi kwenye chumba cha watu tisa na ile AC.

Watu wengi, hata mafundi wengine, wanaamini AC inaleta hewa. Hii ya ukutani, yenye kichwa ndani na boksi nje, haileti hata pumzi moja. Mabomba yanayopita ukutani yamebeba gesi ya kupoozea. Kichwa cha ndani kinavuta hewa ya chumba, kinaipoza, kinairudisha humohumo. Ubaridi unadanganya pua: chumba kinaonekana kina hewa safi kumbe watu wanavuta pumzi zao za asubuhi.

Hesabu yake ni rahisi. Chumba cha mita sita kwa tano, dari mita 2.8, kina mita za ujazo 84. Mtu wa kazi ya mezani hutoa kama lita 18 za hewa ya ukaa (kaboni dioksaidi, gesi tunayoitoa tukipumua) kwa saa. Watu tisa, lita 162. Hewa ya nje siku hizi ina hewa ya ukaa takriban sehemu 420 katika milioni. Ukikifunga chumba kabisa, watu hao wataongeza karibu sehemu 1,900 kila saa. Watavuka 1,000 kabla ya dakika 20. Chumba hakizibwi kama chupa, hewa hupenya chini ya mlango na kwenye nyufa za madirisha, kwa hiyo kwa kweli itachukua muda zaidi. Lakini usishangae ukikuta 1,500 au 2,000 saa sita mchana, mlango ukiwa umefungwa "AC isitoke".

Hiyo 1,000 inatoka mbali. Max von Pettenkofer, mtaalamu wa afya wa Munich, aliipendekeza mwaka 1858 kama alama ya chumba kilichojaa pumzi za watu. Si mpaka wa sumu. Kikomo cha kazini cha saa nane kinachotumika katika nchi nyingi ni 5,000. Hewa ya ukaa hapa ni shahidi tu: kama pumzi zinajaa, basi harufu, mvuke wa rangi na gundi, na vijidudu vya anayekohoa navyo vinajaa. Kila mtu akipata lita kumi za hewa ya nje kwa sekunde, namba hubaki chini kidogo ya 1,000. NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa afya kazini, ilipopitia uchunguzi wake wa majengo kama 500 hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, zaidi ya nusu ilionekana tatizo kuu ni upungufu wa hewa mpya. Kwa hiyo kama ningelazimika kubahatisha kabla ya kupanda ngazi, ningebahatisha hapo.

"Si wafungue dirisha?" Ndiyo, ungesema hivyo kama hujakaa Dodoma mwezi wa tisa. Kuanzia Mei hadi Novemba mvua hakuna, upepo wa mashariki na kusini-mashariki unavuma, magari yanapita kwenye barabara isiyo na lami, na dirisha likiachwa wazi nusu saa unaweza kuandika jina lako juu ya meza kwa kidole. Wanalifunga kwa sababu ya msingi. Mwezi wa sita na wa saba wanalifunga kwa baridi. Halafu dirisha la kusukuma hata likifunguliwa lote linatoa nusu tu ya uwazi, kioo kimoja lazima kikae juu ya kingine. Luva za zamani tulizozing'oa kwa kuziona za kishamba zilikuwa zinapitisha hewa karibu eneo lote. Kwa hiyo watu wanachagua kati ya vumbi na pumzi zao, na wengi wanachagua pumzi kwa sababu haionekani.

Kuna na ukavu. Kiangazi hewa ya Dodoma mchana ni kavu kiasi cha kupasua midomo, na macho yanaumia vilevile. Anayetazama kompyuta hupepesa macho chini ya nusu ya kawaida yake, kwa hiyo yanakauka hata pasipo na vumbi. Mweke mtu huyo chini ya AC inayompulizia usoni, kisha umuulize kama jengo lina kitu. Kumgeuzia meza ni tiba ya bure, inashangaza jinsi inavyosahaulika.

Baada ya maswali unazunguka jengo, na hapa mashine bado iko kwenye begi. Unahitaji tochi, pua, na kipande cha tishu. Tishu unaichana ukanda mwembamba, unaishika mbele ya upenyo wa mlango ukiwa umefungwa karibu wote. Ikivutwa kuelekea chumbani, ujue chumba kinavuta hewa ya korido. Na korido inavuta kutoka wapi? Katika ofisi yetu ya mfano tishu ya mlango wa choo ilielekea korido. Feni ya kutolea hewa chooni ilikuwa imeungua, imeachwa na tandabui. Mle ndani sakafuni kulikuwa na tundu la kutolea maji la bafu ambalo halijaogewa tangu jengo lifunguliwe. Chini ya tundu kama hilo bomba lina kona inayoshika maji ili gesi ya shimo la maji taka isipande. Kwa ukavu wa hapa, maji yale yanakauka baada ya wiki chache. Mwaga ndoo moja, harufu inakata siku hiyohiyo. Nimeona watu wakilaumu AC kwa harufu ya tundu.

AC nayo inafunguliwa. Usiridhike na fundi anayesema "gesi imeisha". Kwa fundi wa AC gesi imeisha daima. Kifuniko kinapanda kwa mikono miwili, chujio zinachomoka. Za ofisi hii zilikuwa zimevaa blanketi la vumbi jekundu, zito kiasi kwamba ukiligusa linabanduka kama ngozi. Nyuma yake, kwenye sinia la kukusanyia maji, utando mweusi wa kuvu. Mashine hiyo ilipowashwa asubuhi harufu ya soksi mbichi ilitoka kwa dakika kumi, na daftari la dada mmoja lilikuwa limeandika kwa siku tano mfululizo: "saa mbili na nusu, harufu, nikapiga chafya." Mashine ya kupima ingefika saa nne isingekuta kitu.

Mtu wa kuulizwa kabla ya wakuu wa idara ni anayefanya usafi. Yeye anafika saa kumi na mbili asubuhi na anajua jengo kuliko mwenye jengo. "Shikamoo mama, choo mnakisafisha kwa dawa gani?" "Marahaba. Jiki, mwanangu, na ile dawa ya kuondoa kutu. Nikichanganya ndiyo kinang'aa. Ila inanibana kifua, natoka nje kidogo kisha narudi." Dawa ya klorini ikikutana na tindikali hutoa gesi ya klorini. Mama yule alikuwa ndiye mgonjwa wa kwanza wa jengo, na hakuna aliyemweka kwenye orodha kwa sababu si mwajiriwa wa ofisi, ni wa kampuni ya usafi. Yeye pia alikuwa anafagia kwa ufagio mkavu kama saa moja kabla ya watu kuingia. Vumbi zito linatua mapema. Jembamba, lile linaloingia ndani ya mapafu, linaelea kwa masaa. Kitambaa kilicholoweshwa kinalimaliza bila kulirusha.

Kisha masijala. Mafaili ya miaka mingi yana vumbi la karatasi, wadudu wadogo wasioonekana na, kama mvua za Januari zilipenya paa, kuvu. Wahudumu wa masijala hukohoa kwa namna ambayo ofisi nzima imeizoea. Inua macho juu: kama silingibodi ina madoa ya kahawia na harufu kali ya mkojo, kuna popo. Kinyesi cha popo kikikauka na kutikiswa kinaweza kurusha fangasi wa ugonjwa wa histoplazmosisi, unaoshika mapafu. Kwa hiyo usimtume kijana na ufagio akafagie darini. Kinyesi kinaloweshwa kwanza, anayekitoa anavaa barakoa ya kuchuja vumbi jembamba, na matundu yanazibwa popo wakiwa wametoka.

Samani mpya na rangi nitazipitia haraka. Mbao za kubandika kwa gundi hutoa mvuke wa formaldehaidi, unaowasha macho na koo; Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 0.1 kwa mita ya ujazo kwa nusu saa. Mvuke huwa mkali wiki na miezi ya mwanzo, unaongezeka chumba kikipata joto. Kama malalamiko yalianza wiki ambayo makabati yaliingia, hujahitaji upelelezi mkubwa. Fungua chumba, kipige hewa wikendi nzima.

Kwenye jenereta siendi haraka. Kabonimonoksaidi haina rangi wala harufu. Inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Dalili zake za mwanzo, kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, ndizo zilezile za ofisi yenye joto, ila hii inaua. Jenereta iliyowekwa upande wa mashariki wa jengo hapa Dodoma inapuliziwa madirishani sehemu kubwa ya mwaka. Jiko la mkaa la mama lishe chini ya dirisha, au la kuchemshia chai kwenye kijumba kilichofungwa, ni lilelile. Daftari likionyesha watu wanaumwa kila umeme ukikatika, hakuna kamati: zima, toa watu nje, waliozidiwa wapelekwe hospitali na daktari aambiwe habari za moshi.

Sasa toa mashine. Unajua unatafuta nini: hewa ya ukaa chumba kikiwa na watu, tangu asubuhi hadi jioni; joto na unyevu; vumbi jembamba; kabonimonoksaidi siku ya jenereta. Kila kipimo cha ndani kiwe na mwenzake wa nje, saa ileile. Bila hivyo, siku ya upepo utaandika kwamba ofisi ina vumbi baya kumbe umeupima mji. Kuhesabu mbegu za kuvu hewani ni fedha iliyopotea mara nyingi: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 kuhusu unyevu na kuvu haukuweka namba ya kikomo. Ukiona kuvu ukutani au kuinusa, iondoe na uzibe maji yanayoilisha. Mtu akitaja asbesto, msikilize, paa za zamani zinazo na hazitakiwi kukatwa ovyo. Lakini magonjwa yake huchukua miongo ya miaka kujitokeza. Macho ya leo hayawashwi na hiyo.

Neno "mawazo tu" ningelifungia kabatini. Ni kweli kwamba ofisi yenye ugomvi, kazi za kukimbizana na bosi asiyesikiliza huumwa zaidi kuliko ofisi tulivu yenye hewa ileile. Hofu nayo inasambaa, hasa uchunguzi ukifanywa kimyakimya na watu wakamwona mtu mwenye glavu asiyesalimia. Hiyo ni sehemu ya matokeo, iandikwe pamoja na chujio. Msongo na pumzi mbovu vinaweza kuumiza kwa pamoja kichwa kilekile kimoja.

Mwajiri asiyesikia ana sheria juu yake: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inambebesha wajibu wa mahali pa kazi kuwa salama kiafya, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, ina wakaguzi wa kuja kuangalia. Ugonjwa uliothibitika kuwa wa kazi unapelekwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na lile daftari la wiki mbili litakuwa na kazi tena.

Ofisi ya watu tisa haikubomolewa. AC ilioshwa hadi sinia, na chujio sasa zinasafishwa kila wiki mbili kiangazi. Ukutani, upande usiopokea upepo, iliwekwa feni ndogo ya kuingiza hewa yenye chujio lake. Watu wawili walihamishiwa chumba kingine. Feni ya choo ilibadilishwa, tundu linamwagiwa maji kila Ijumaa, dawa mbili za choo zikatenganishwa makabati. Saa sita mchana hewa ya ukaa ilikuwa 1,900. Ikawa 900 na kitu. Saba kati ya tisa walipata nafuu ndani ya mwezi. Wa nane alikuwa na presha, akaanza dawa. Wa tisa alihitaji miwani.

Matokeo yalibandikwa ukurasa mmoja kwenye mlango wa chumba cha chai: nini kimepatikana, nini kimefanyika, nini kimebaki. Kesho yake mtu alikuwa ameongeza kwa kalamu, chini kabisa: "Na choo cha ghorofa ya kwanza je?"